Saa Mbili Angani, Pazia Moja Ukutani

"Fungua pazia."

"Pazia gani tena?"

"Hilo hapo nyuma yako. Nililolishona mimi. Lifungue na mimi nione huo mji wako."

Mume wangu aligeuka, akalitazama pazia kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka, kisha akairudia simu na tabasamu la kuazima.

"Jua kali, bibiye. Nikifungua, chumba kitakuwa tanuri."

"Jua kali?"

"Linawaka balaa."

Hapo ndipo aliponikosea. Angesema kuna vumbi, ningemeza. Angesema majirani wanachungulia, ningemeza na maji juu. Lakini mimi nashona mapazia, ndiyo kazi inayonilisha, na pazia lile nililikata kwa mkasi wangu mwenyewe. Kitambaa cha rangi ya machungwa, chepesi, na sikutia bitana makusudi. Mume wangu ana usingizi wa jiwe, nilitaka mwanga wa asubuhi upenye umwamshe aende kazini. Kitambaa kile kikipigwa na jua kwa nyuma kinawaka chote kama taa. Sasa pale kwenye simu kilikuwa kimenuna, cheusi pembeni, cheusi katikati.

"Saa ngapi huko?" nikamuuliza.

"Si sawa na huko? Saa saba mchana."

"Pazia langu linasema ni usiku."

Akacheka. Kicheko chenyewe hakikufika machoni. Kabla hajanijibu, nikasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa:

"Wewe bado umejificha humo? Toka bwana, tunakungoja!"

Mume wangu akaruka. Nikaona dari, nikaona kidole gumba, simu ikakatika. Baada ya kitambo ukaingia ujumbe: "Mtandao umekata mpenzi. Nitakupigia jioni. Nakupenda."

Nyuma yangu wifi yangu alikuwa anapinda mapindo ya mapazia ya mteja, sindano mdomoni. Ni mdogo wake mume wangu wa tumbo moja, tunafanya kazi pamoja dukani. Akaitoa sindano taratibu.

"Mtandao wa huko una akili sana," akasema. "Unajua kabisa swali la kukatikia."

"Wifi, usinianze."

"Sijakuanza. Nimesikia mwanamke, au nimesikia redio?"

Nilishika mkasi nikakata kitambaa cha watu, na nikakikata upande.

Ngoja nieleze. Mume wangu ni fundi wa majokofu, yale makubwa ya kuingia mtu mzima na toroli lake. Miaka miwili iliyopita alipata kazi kwenye ghala la matunda, mji wa mbali, nchi jirani. Siku ya kuniaga alinikalisha kitandani, akafungua ramani kwenye simu.

"Kilomita elfu moja na mia nne," akasema. "Ukiisikia hivyo unaogopa, au siyo? Lakini kwa ndege ni saa mbili. Saa mbili, bibiye! Foleni ya benki ni ndefu kuliko hiyo."

"Kwa hiyo nitakuja lini?"

"Nikikabidhiwa nyumba tu. Wameniahidi nyumba nzuri, dirisha la chumbani linatazama barabara yenye miti. Wewe andaa pazia."

Nikaandaa. Nilimwomba vipimo, akavituma papo hapo, upana na urefu. Nilipovisoma nikacheka, nikampigia: "Mbona dirisha lako limelingana kabisa na la chumbani kwetu?"

"Mafundi ni walewale," akajibu.

Pazia likaenda kwa anwani ya ghala, akalitundika, akanipigia simu ya video amekaa mbele yake kama bwana harusi. Tangu hapo, kila nikisema nakuja, ananiambia bado. Bado nyumba inapigwa rangi. Bado maji hayajatengemaa. Bado kidogo. Alikuja yeye mara moja, wiki moja tu, na wiki yote hiyo alivuta kiti akakaa dirishani, hataki kutoka, hataki televisheni.

"Utadhani umetoka jela," nikamtania.

"Acha nione watu wakipita," akasema, na hakugeuka.

Alipoondoka, nyumba ikanishinda. Sisemi kwa kudeka. Nyumba ya watu wawili ukibaki peke yako, kila kitu kinakuuliza: kikombe kinauliza, mto unauliza, hata bomba likidondosha tone unageuka ukidhani kuna mtu. Mwisho nikahamia dukani. Nilikuwa natandika godoro chini ya meza ya kukatia, katikati ya majora ya vitambaa, nalala na mapazia ya madirisha ya watu ambao waume zao wapo. Wifi peke yake ndiye aliyejua. Mume wangu akinipigia namwambia niko dukani, kazi nyingi.

Basi siku ile, simu ilipokatika, wifi akavuta kigoda akakaa mbele yangu.

"Kaka yangu nampenda," akasema. "Lakini wewe ndiye ninayekula naye. Nikwambie ninachoona?"

"Sema."

"Pazia liko gizani saa saba mchana. Maana yake nini? Ama hayuko mji anaosema, yuko huko duniani ambako ni usiku, ama hayuko chumba anachosema. Na sauti ya mwanamke umeisikia kwa masikio yako. Wifi, umemshonea mwanamke mwenzio pazia."

Nilitaka kubisha. Miaka miwili nilikuwa nimejiuliza vyote, ila hilo la kwamba mwanamke mwingine analala nyuma ya pazia langu lilinichoma mahali ambapo hapajawahi kuguswa. Nikalia. Nililia vibaya, kamasi kwenye kitambaa cha mteja, na wifi akaacha niharibu.

"Nakwenda," nikasema nilipomaliza.

"Umwambie?"

"Nimwambie ili awahi kutandika kitanda?"

Nikakata tiketi ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, siku ileile. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Nilipiga hesabu kwamba ndoa haihitaji zaidi ya nusu siku kuvunjika. Pete nikaivua, nikaiweka kwenye kikopo cha sindano, nikaisukumia mkobani. Nilipanga nimwekee mezani bila neno, nigeuke, niondoke.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, amevaa sweta mbili.

"Unakwenda kwa nani, mwanangu?"

"Kwa mume wangu."

"Hongera!"

"Naenda kuachana naye, mama."

Akafungua pochi, akanipa pipi.

"Basi tafuna hii," akasema kwa upole. "Masikio yasije yakakuuma."

Rubani akatangaza kwamba tutakuwa angani kwa saa mbili. Niliegemea kioo. Chini kulikuwa na mawingu, halafu milima, halafu uwazi tu usio na nyumba wala moshi, na nikafikiri: hiki ndicho kinachotutenganisha, na mtu anakivuka akila pipi. Nilianza kupanga maneno yangu. Nikapanga ya kuanzia, nikapanga ya kumwumiza, nikayapanga upya yawe makali zaidi. Mara rubani akasema tunaanza kushuka. Sikuwa nimemaliza hata kupanga matusi.

Hilo ndilo lililonitoa machozi pale kitini. Kumbe ni karibu hivi? Miaka miwili nimelala chini ya meza, kumbe ni karibu hivi?

Mama wa sweta akanishika mkono hadi magurudumu yalipogusa ardhi.

Ghala nililijua kwa anwani ya kifurushi. Ukuta mrefu, geti la chuma, malori yamepanga foleni yakinguruma. Mlinzi akanitazama juu hadi chini.

"Unamtaka nani, dada?"

"Fundi wa majokofu."

"Una shida gani naye?"

Nikababaika. "Mimi ni... ni mke wake."

Uso wake ukafunguka. "Mke wake! Wewe ndiye wa mapazia! Karibu, karibu sana shemeji. Leo hana zamu, yuko kwake."

"Kwake ni wapi?"

"Humu humu tu. Pita pale jikoni, nenda hadi nyuma kabisa."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Humu humu ni wapi, ghalani? Nikapita kati ya kreti za matunda, nikapita wanawake wenye kofia za plastiki wakipanga machungwa, nikafika kwenye kibanda cha jikoni. Hapo kulikuwa na bibi mmoja, mvi tupu, anakoroga sufuria kubwa kuliko yeye.

"Unamtafuta fundi?" akapaza sauti. "Gonga kwa nguvu mwanangu, humo hasikii mtu! Mwambie atoke bwana, chakula tayari!"

Nikageuka kumtazama vizuri. Sauti ndiyo ileile. *Toka bwana, tunakungoja.* Bibi mwenyewe alikuwa mkubwa kuliko mama yangu, na jino la mbele hana.

Huko nyuma kulikuwa na mlango mmoja tu, mnene, wa bati jeupe, wenye komeo refu la chuma kama la jokofu. Ulikuwa wazi kidogo, umezuiwa na tofali. Sikugonga. Nikausukuma.

Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anashona kifungo cha shati. Alipoinua macho, sindano ikamponyoka.

"Bibiye?"

Nilipita mbele yake moja kwa moja hadi kwenye pazia langu. Lilikuwa limenyooka vizuri, mikunjo imepangwa, hata vumbi halina. Nikalishika kwa mikono miwili, nikalivuta kwa nguvu zote.

Ukuta.

Bati jeupe, misumari midogo imepanga mstari. Nikaligusa kwa kiganja. Nikalibishia hodi, jamani, kama mwendawazimu, labda kuna kitu nyuma yake. Hakikuitika kitu. Nikageuka nikazungusha macho: kuta nne, zote hivyo, nene, nyeupe, hazina hata tundu la panya. Taa moja juu. Kitanda, meza, picha yetu ya harusi.

"Dirisha liko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Ulinipa vipimo!"

Akainamisha kichwa. "Hiki ni chumba cha baridi cha kuhifadhia matunda, mke wangu. Kilikufa kabla sijaja, mashine yake haitengenezeki. Nyumba waliyoniahidi nilikuta wameshampa mtu mwingine. Wakaniambia jishikize hapa kwa muda, na mashine ziko karibu. Muda wenyewe ndio huu."

"Na vipimo?"

"Ulinipigia jioni ileile niliyofika. Sauti yako ilikuwa na furaha, nikashindwa kusema. Dirisha ninalolijua kwa kichwa ni moja tu duniani, la chumbani kwetu. Si nililipachika mwenyewe? Nikakupa hilo."

Nikakaa kitandani. Kwa hiyo hakuna mwanamke. Nilipaswa kufurahi, na kweli kuna kitu kilifunguka kifuani. Lakini hasira ikaja nyuma yake, moto kuliko ile niliyopanda nayo ndege.

"Kwa hiyo ukatundika pazia ukutani."

"Ulitaka kuliona."

"Ukakaa mbele yake miaka miwili unaniambia jua kali!"

"Bibiye, mimi asubuhi nalifungua."

"Unafungua nini? Si ukuta?"

"Nalifungua hivyo hivyo," akasema. "Nikiamka nalifungua, jioni nalifunga. Humu ndani hujui kama kumekucha au kumekuchwa. Mlango ukifungwa hata simu inakufa. Nilisema nikiacha kulifungua, nitakuwa kama yale matunda. Nipo tu, nimehifadhiwa."

Machozi yalinitoka bila kuniaga. Nikampiga begani, ngumi, mara nyingi, na yeye akatulia kama mtoto anayejua kosa lake.

"Ungeniambia!"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani? Mimi ni mkeo au mgeni rasmi?"

"Nilitaka nikulete kwenye nyumba. Nikasema nikikuonyesha hiki utaniona mwanaume gani."

"Ningekuona! Hilo tu ndilo nililotaka, nikuone! Ningelala humu na wewe, tukose dirisha wote!"

Akauliza, taratibu:

"Na wewe mbona kila siku uko dukani?"

"Nini?"

"Nikikupigia asubuhi, nyuma yako kuna majora ya vitambaa. Nikikupigia usiku, majora. Jumapili, majora. Nimeogopa kuuliza. Nilisema labda nyumbani kuna mtu."

Ndugu zangu, nilicheka. Kicheko kilitoka kimechanganyika na kilio, sikujua kipi ni kipi.

"Nalala chini ya meza ya kukatia," nikamwambia. "Nyumba imenishinda bila wewe."

"Chini ya meza?"

"Na wewe ndani ya jokofu."

Tukatazamana. Saa mbili za ndege katikati yetu, na miaka miwili kila mmoja anamlinda mwenzake na ukweli, tunaoza vizuri kabisa, kila mtu kwake.

Akanishika mkono. Hapo ndipo alipogusa kidole kitupu.

"Pete iko wapi?"

"Kwenye kikopo cha sindano. Nilikuja kukurudishia."

Uso ukamsinyaa. Akauachia mkono wangu polepole, akaupapasa kama anauomba radhi.

"Ndege yako ya kurudi ni saa ngapi?"

"Jioni hii."

"Basi nikusindikize."

Nilisimama, nikavuta kiti, nikapanda, nikaanza kulitoa pazia kwenye bomba lake, pete zake za kutundikia moja moja. Nilisikia nyuma yangu anavuta pumzi. Nilipogeuka alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

"Lichukue tu," akasema ndani ya mikono. "Ni jasho lako. Usiliache humu."

"Nishike nishuke, nisije nikavunjika mguu ugenini."

Akanishika. Nikalikunja pazia mara nne, nikalitia mkobani, nikatoa futi yangu ya kupimia nikaivaa shingoni.

"Vaa viatu," nikamwambia.

"Tunakwenda uwanja wa ndege?"

"Tunakwenda kutafuta dirisha. Chumba kiwe kibovu, kiwe kidogo, choo kiwe cha watu kumi, sijali. Dirisha likiwa dogo, nitapunguza. Likiwa kubwa, nitaunga kipande. Lakini ukuta, mume wangu, mimi ukuta sishonei."

Akavaa viatu, kushoto kulia na kulia kushoto, ikabidi nimkalishe nimvalishe upya.

Tulizunguka mtaa wote wa jirani. Nikiona kibao cha chumba, nabisha, na kabla mwenye nyumba hajataja kodi mimi nimeshapima dirisha. Mmoja akamnong'oneza mume wangu, "Huyu mzima kweli?" Mume wangu akamjibu, "Ni fundi," kwa sauti ya kujivuna ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuoane.

Cha mwisho kilikuwa juu ya gereji ya baiskeli. Rangi imebanduka, ngazi inalia. Dirisha lilikuwa jembamba na linatazama kamba ya nguo za jirani. Nikiwa nimenyoosha futi juu, ndege ikapita angani, inapanda, tumbo lake linang'aa kwa jua la jioni.

"Ile ndiyo yako," akasema mume wangu.

"Acha iende. Shika hapo chini, usilegeze."

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa wifi: "Umeshampa pete? Nije kukupokea na leso?"

Nikamwandikia: "Nitumie cherehani yangu ndogo kwa basi. Duka lishike wewe. Mwanamke mwenyewe nimemwona, ana mvi na anapika vizuri."

Akajibu palepale: "Sijaelewa chochote lakini nalia."

Chumba tukakichukua jioni ileile. Pindo nililishona kwa mkono nimekaa sakafuni, na nilipofungua kikopo cha sindano, mume wangu akatoa pete kabla yangu. Hakupiga magoti wala hakusema neno. Alinivalisha tu, akairudishia sindano uzi, akanipa niendelee.

Asubuhi nilitangulia kuamka. Jua lilikuwa limefika dirishani na kitambaa kimewaka chote, chumba kizima kimekuwa rangi ya machungwa, hadi kucha zangu. Likampata mume wangu usoni. Akakunja paji, akageuka, likamfuata. Akafumbua macho na akakaa ghafla, mkono umeshanyooka kutaka kulifungua pazia kama alivyozoea, halafu ukabaki hewani.

"Saa ngapi?" akaniuliza.

"Liulize hilo pazia hapo," nikamwambia.

Akalitazama lile pazia kwa muda mrefu sana. Hakulifungua. Alirudi akalala, akaniwekea kichwa kwenye mkono, akalia kwa sauti, na mimi nikamwacha alie, maana hakuna mahali popote tulipokuwa tunawahi.